Funguo za Lango la Redio

Fundi alirudi nyumbani mchana, saa ambayo fundi wa rangi mwenye kibarua harudi nyumbani, na hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuja mwanamume mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, na nyuma ya huyo, dada mmoja mwenye simu ya upepo kiunoni, iliyokuwa ikikoroma muda wote kama mtu mwenye mafua. Msusi, mke wa Fundi, alikuwa mlangoni akimsuka mteja. Alimwacha na kichwa nusu, akakimbilia ndani kuondoa nguo zilizoanikwa juu ya viti.

"Mama," Fundi alisema, "huyu ndiye mwongozaji wa ile filamu ya mapinduzi. Anataka kukuona."

Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi tangu mjukuu alipozaliwa, alikuwa kwenye kochi akishona kifungo cha shati la shule. Hakuinuka. Alimtazama mgeni kuanzia viatu kwenda juu.

"Shikamoo, mama," alisema Mwongozaji.

"Marahaba. Karibuni mkae. Hicho kina mguu mbovu, baba, kaa hiki."

Watu wa filamu walikuwa wamelikodi jengo la zamani la redio, na Fundi ndiye aliyepewa lango la mbele. Alikuwa amelikwangua kutu, akalipaka rangi ya kuzuia kutu, kisha kijani mara mbili mpaka likang'aa. Kwake kilikuwa kibarua kama vibarua vingine, isipokuwa kwamba baba yake alifia hapo hapo. Vibarua wenzake walijua. Mmoja wao hakuweza kuuzuia ulimi, akamwambia Mwongozaji kwamba yule aliye juu ya ngazi ni mtoto wa mlinzi wa siku ile. Mwongozaji akamwita ashuke. Akamwambia ageuke kushoto, ageuke kulia, avue kofia.

"Nataka amcheze mlinzi," alimwambia Bibi. "Baba yake mwenyewe. Sura kama hii huwezi kuitafuta ukaipata."

Bibi alikata uzi kwa meno. "Mlinzi gani? Huyo anayesemwa, au mume wangu?"

Aliyekuwa akisemwa alijulikana mji mzima. Alfajiri ile wanajeshi walikuja na malori, wakaingia redioni, wakatangaza kwamba serikali imeanguka. Kufikia jioni wakawa wameanguka wao. Waliouawa siku ile wakaandikwa majina kwenye jiwe lililowekwa ukumbini mwa redio, wote, kasoro mlinzi wa lango, kwa sababu ilishasemwa kwamba mlinzi alifungua. Bibi aliyasikia maneno hayo bombani akichota maji, akayasikia kwenye foleni ya hospitali, na mwanawe aliyasikia darasani kutoka kwa mwalimu wa historia, ambaye labda hakujua nani ameketi dawati la mbele, na labda alijua sana.

"Basi niambie wewe, mama," alisema Mwongozaji. "Ilikuwaje?"

Tumpe haki yake, aliuliza vizuri. Aliweka mikono magotini akanyamaza. Hakuna mtu mwenye viatu kama vile aliyewahi kumuuliza Bibi swali hilo na kusubiri jibu.

Bibi alieleza. Mumewe alikuwa zamu ya usiku, naye alikwenda kumpelekea chai, mtoto akiwa mgongoni. Walikuwa wakizungumza katikati ya nondo za lango, yeye nje, mume ndani, ndipo mume akaziona taa za malori zikipanda barabara. Akachomoa funguo kwenye mkanda. Akazipitisha katikati ya nondo, akazisukuma ndani ya mbeleko, ubavuni mwa mtoto. Akasema, nenda nazo, na usigeuke.

"Sikugeuka," Bibi alisema. "Lori nililisikia likiligonga lango. Likarudi nyuma, likagonga tena. Na yaliyofuata niliyasikia. Lakini sikugeuka."

"Na funguo?"

Bibi aliingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake, zimeviringishwa kitambaa, kulikuwa na funguo tatu ndefu kwenye kipande cha waya ambacho marehemu alikipinda kwa mkono wake. Msusi alikuwa ameolewa nyumba hiyo, amezaa nyumba hiyo, na hakuwa ameziona hata siku moja. Miaka ya mwanzo Bibi alizificha kwa sababu mtu aliyekutwa na kitu kama hicho angeulizwa alikipata wapi, na walioulizwa maswali ya namna hiyo wengi wao hawakurudi. Baadaye, mambo yalipotulia, alizipeleka ofisi moja. Karani alizitazama, akacheka, akasema, "Mama, funguo hata mimi ninazo."

Mwongozaji hakucheka. Alizipokea kwa mikono miwili.

"Naomba uniazime, mama."

"Chukua. Sharti langu ni moja. Mume wangu hakufungua. Nchi nzima ione hivyo."

"Mama, nakuahidi, ukweli utaonekana."

Na siku ile alimaanisha. Watu wa aina hiyo ndio wagumu kugombana nao.

*

Filamu hupigwa vipande vipande, na vipande havifuatani. Ni kama upake ukuta mmoja wa sebule, uende chooni, urudi sebuleni kwenye dari. Siku ya kwanza Fundi alikufa. Alilazwa chini karibu na lango, akamwagiwa sharubati nyekundu mgongoni, akaambiwa asipumue, na sisimizi wakaipata sharubati kabla kamera haijawa tayari. Jioni akaenda nyumbani akiwa na madoa shingoni, na binti yake, waliyemwita Chiriku kwa kupenda kusema, akamsugua kwa sabuni huku akimhoji mauti yakoje.

Siku iliyofuata alikimbia.

"Nakimbilia wapi?" alimuuliza yule dada mwenye simu ya upepo, ambaye vibarua walimwita Bi Ratiba.

"Kimbia tu, kaka. Ukifika kwenye ile ndoo simama."

"Yaani naenda kuwaamsha wenzangu walioko ndani?"

"Eeh, hivyo hivyo."

Siku ya tatu wakafika kwenye funguo. Aliyecheza kama Kapteni alikuwa mtu mashuhuri, uso wake ulikuwa kwenye mabango ya sabuni. Alisimama upande wa pili wa lango, amepaka poda kuzuia jasho. Kamera ilisogezwa mpaka Fundi akauona mkono wake mwenyewe kwenye kioo chake.

"Nyoosha mkono," Mwongozaji aliita. "Mpe funguo."

"Hapana," alisema Fundi. "Baba hakutoa funguo."

Watu wote walisimama. Waliokuwa na taa walizishusha. Jua lilikuwa linaondoka kwenye lango, na mpishi alikuwa ameshafunua masufuria. Kibarua mmoja, ambaye wiki iliyopita alikuwa akimshikia Fundi ngazi, alisema kwa sauti ya kusikika, "Huyu mpaka rangi atatulaza na njaa."

Mwongozaji alikuja, akamshika Fundi bega, akamvuta kando.

"Ndugu yangu, hili halikutokea. Mimi na wewe tunajua. Hii ni ndoto ya Kapteni. Yuko njiani kwenye lori, anawaza jinsi mambo yatakavyokuwa rahisi. Ni ndoto tu. Umenielewa?"

Fundi alielewa kile alichotaka kukielewa. Alirudi langoni, akanyoosha mkono, akatoa funguo. Akazitoa kutoka kushoto, akazitoa kutoka kulia, akazitoa mkono ukiwa peke yake bila uso. Aliambiwa mkono uwe mlegevu zaidi, kama wa mtu aliyekwisha kata tamaa, akaulegeza. Mara ya mwisho alifanya vizuri mno, hata wakampigia makofi, na Kapteni mwenyewe akampa mkono. Fundi alifurahi. Alikuwa amepaka kuta za nusu ya mji na hakuna aliyewahi kuupigia makofi ukuta wake.

Kitandani alimwambia mkewe, "Leo nimetoa funguo."

Msusi alijigeuza kumtazama. "Umezitoa kwa nani?"

"Kwa Kapteni. Lakini ni ndoto yake."

"Umemwambia Mama?"

"Ndoto nayo nimwambie ya nini?"

"Mwambie tu. Kesho asubuhi, akinywa chai."

Asubuhi Bibi alikunywa chai akiwa na furaha, na Fundi hakuwa na moyo wa kuiingilia. Alijisemea atamwambia jioni. Jioni nazo ni nyingi.

*

Siku ya kuonyeshwa filamu Bibi alivaa nguo yake ya msibani, kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, na viatu vya Msusi vilivyojazwa karatasi puani. Alikuwa amewaalika watu mwenyewe, nyumba kwa nyumba, yeye ambaye bombani alizoea kwenda wa mwisho ili asikute mtu. Kinyozi wa mtaa, mzee mwenye mdomo, ambaye kwenye kiti chake hadithi ya mlinzi ilisimuliwa mara nyingi kuliko kokote, Bibi alimfuata mpaka dukani kwake.

"Na wewe njoo, shemeji," alimwambia. "Ukaone kwa macho yako."

"Nitakuja, shemeji. Nitakosaje?"

Mlangoni pa ukumbi Bi Ratiba hakumtambua Fundi.

"Mmetumwa na nani?"

"Ni mimi, dada. Mlinzi."

"Walinzi wanaingilia nyuma."

"Mlinzi wa kwenye filamu."

Bi Ratiba aliangalia vizuri, akaomba radhi, akawatafutia viti. Vilikuwa pembeni, nyuma ya nguzo, karibu na choo, kiasi kwamba kila aliyetoka kujisaidia aliwarushia matone ya maji usoni akikung'uta mikono. Bibi hakulalamika. Alimpakata Chiriku, ingawa Chiriku alikuwa mkubwa mno kupakatwa, akanyoosha shingo kuikwepa nguzo.

Taa zilizimwa. Lango la kijani likatokea, na mbele yake mwanamume mwenye koti la mlinzi akitembea taratibu, mikono nyuma. Bibi alimshika Msusi kiganja akakibana.

"Ndiye," alinong'ona. "Tazama anavyotembea. Nani kamfundisha kutembea vile?"

Alisubiri mwanamke mwenye chupa ya chai atokee. Hakutokea. Alisubiri mtoto mgongoni. Hapakuwa na mtoto. Yalikuja malori, taa zao zikaujaza ukumbi mzima, yakasimama mbele ya lango kwa adabu kama magari ya wageni wa harusi. Kapteni akashuka. Hakusema neno. Kisha kwenye pazia, kubwa kama mlango wa nyumba, zikaonekana funguo tatu kwenye waya uliopindwa kwa mkono, na mkono mlegevu ukizitoa.

Lango likafunguka bila kelele.

Mlinzi alikimbia, akitazama nyuma kama mwizi wa kuku. Kapteni akachomoa bastola bila haraka. "Aliyewauza wenzake, kesho ataniuza mimi," akasema, akampiga risasi ya mgongo. Ukumbi ukapiga makofi. Walikuwa watu wazuri tu, wamevaa vizuri, na walipiga makofi kwa sababu haki ilikuwa imetendeka.

Makofi yalipoisha, sauti ya Chiriku ilisikika gizani, wazi kabisa.

"Baba, kwa nini umewafungulia?"

Safu ya mbele yao mtu mmoja alicheka. Kinyozi, ambaye alipewa kiti kizuri kuliko wao, alikohoa. Bibi alikiachia kiganja cha Msusi, akaweka mikono yake juu ya mapaja, na hakuiondoa hapo mpaka taa zilipowashwa.

*

Mwongozaji alikuwa ukumbi wa nje, amezungukwa na watu wenye glasi. Alipomwona Bibi anakuja aliwaacha wote, jambo ambalo si kila mtu angelifanya.

"Mama. Nilitaka nije mwenyewe nyumbani nikueleze kabla."

"Nieleze sasa."

"Tulipanga lori livunje lango, kama ulivyosema. Tulipanga hivyo kabisa. Uongozi wa redio ukatukatalia. Wakasema lango ndiyo kwanza limepakwa rangi, hatuligusi. Tukataka kuunda jingine la mbao, fedha zikawa zimekwisha. Sasa, mama, malori yangeingia vipi? Filamu inataka waingie. Ikabidi mtu afungue."

Bibi alifikiri kidogo. "Kwa hiyo mliogopa kukwaruza rangi."

"Si hivyo, mama."

"Ni hivyo. Mimi nimekusikia."

"Mwisho kabisa tumeandika kwamba baadhi ya matukio ni ya kubuni."

"Kwa maandishi yale madogo yaliyokuwa yanakimbia, watu wanatafuta viatu?"

Mwongozaji alivua miwani, akaivaa tena. Macho yake yalikuwa mekundu, na huenda alihuzunika kweli. Mtu mmoja akamgusa kiwiko, akamwambia kuna waziri anataka kupiga naye picha.

"Funguo zangu," Bibi alisema.

"Nitakutumia, mama. Wiki hii hii. Neno langu."

Nje, Kinyozi aliwasubiri. Bibi alijiandaa kwa kejeli, na kejeli angeziweza, alishazizoea. Lakini Kinyozi alikuwa mpole kupita alivyowahi kuwa.

"Shemeji, usijisumbue nafsi," alisema. "Mambo ya zamani hayo. Sisi tulishamsamehe."

*

Walipofika nyumbani Msusi alimlaza mtoto, akabaki chumbani makusudi. Fundi alisimama katikati ya sebule na shati lake la kutokea.

"Mama, mimi sikujua."

Bibi alikuwa anavua viatu, anatoa karatasi moja moja.

"Ulipoambiwa utoe, hukujua unatoa nini?"

"Walisema ni ndoto. Ndoto ya yule Kapteni. Na watu wote wamesimama wananingoja mimi, chakula kinapoa, jua linazama. Ningefanyaje?"

"Ungekataa."

"Nilikataa, Mama. Nilikataa mara ya kwanza."

"Na mara ya pili?"

Fundi alifungua kifungo cha shati lake, akakifunga tena.

"Baba yako walimwelekezea bunduki," Bibi alisema. "Wewe walikuelekezea nini?"

"Mama, tafadhali."

"Nakuuliza, mwanangu. Nijibu."

"Kamera," alisema Fundi.

Bibi alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa bei ya kitu. Akaokota viatu vya mkwewe, akaviweka vizuri ukutani, akaenda kulala.

*

Filamu ilipendwa. Ilionyeshwa tena na tena, ikaingia kwenye simu za watu, na kipande kilichopendwa zaidi kilikuwa kile cha funguo. Vijana walimwita Fundi Bwana Funguo, na wala hawakumaanisha ubaya. Walimsimamisha njiani arudie kunyoosha mkono huku wakimpiga picha. Dukani mwenye duka akichelewa walisema, "Mpisheni Bwana Funguo atufungulie." Wateja wa Msusi waliuliza mume anatoa nini kingine kwa urahisi namna ile, wakacheka, naye akawavuta nywele zaidi ya ilivyohitajika. Chiriku alirudi kutoka shuleni akiwa hasemi, na kwa mtoto yule hilo lilikuwa baya kuliko kulia.

Fundi alizima simu. Alitafuta kazi mitaa ya mbali, akaipata, akapaka kuta za watu wasiomjua mpaka mmoja akamjua. Hapo alirudi nyumbani na ndoo zake. Yeye na mama yake waliongea mambo ya lazima tu, chumvi imekwisha, maji yamekatika. Nyumba yao, ambayo miaka yote ilijulikana kwa nywele za Msusi, sasa ilijulikana mpaka barabara kuu kuwa ni kwa Funguo.

Asubuhi moja mlango uligongwa. Fundi alikuwa nyuma ya pazia la chumbani, kama alivyozoea siku hizo akisikia hodi. Bibi ndiye aliyekwenda. Alifungua mlango kiasi cha uso wake. Nje alisimama mwendesha pikipiki na kofia ya chuma kwapani, bahasha mkononi.

"Shikamoo, bibi. Samahani, hapa ndipo kwa Funguo?"

"Marahaba. Kwa nani?"

"Funguo, yule wa kwenye filamu. Aliyewafungulia wanajeshi. Simu yake haipatikani, nimeelekezwa tu tangu kule barabarani, kila mtu anapajua. Nina mzigo wake."

Akaitikisa bahasha kuonyesha kwamba hasemi uongo. Ndani yake chuma kikagongana na chuma, na waya ukakwaruza. Bibi aliijua sauti ile. Alitembea nayo alfajiri moja, mtoto mgongoni, njia nzima, na kila hatua ilikuwa ikilia ubavuni mwa mtoto.

Fundi naye aliisikia. Alitoka nyuma ya pazia akaja haraka, mkono mbele. "Mama, hizo ni za—"

Bibi alimzuia kwa bega, mlango ukabaki mwanya.

"Umepotea, mwanangu," alimwambia mwendesha pikipiki. "Hapa si kwake. Hapa ni kwa mlinzi wa redio."

Kijana alichanganyikiwa. "Si ndiye huyo huyo, bibi?"

"Siye."

"Basi zipokee tu, utampa. Nikizirudisha kule watazitupa, filamu yenyewe wameshamaliza."

Bibi aliitazama bahasha. Aliitazama kwa muda mrefu, mpaka kijana akadhani amekubali, akaisogeza karibu na mwanya.

"Rudi nazo," alisema.

Akafunga mlango, akasukuma komeo, akauegemea kwa mgongo wake wote. Alibaki hivyo mpaka pikipiki ilipowaka, ikashuka barabara, ikapotea katika kelele za mji. Ndipo akamtazama mwanawe. Fundi alikuwa amesimama pale pale, mkono wake bado umenyooka mbele, kiganja wazi.

"Shusha mkono," Bibi alimwambia.